Bunduki Isiyo na Nambari Haina wa Kuijibia

Jumapili moja tulialikwa na kamati ya haki na amani ya kanisa moja huko Sugoi, si mbali na mji wa Eldoret, ili tuwaeleze waumini sheria ya urithi wa mashamba. Tulipomaliza, na akina mama wakiwa tayari wamekwisha kuandaa chai, kijana mmoja aliinua mkono. Yeye ni fundi wa kukereza vyuma, mwenye mikono mahiri na cheti cha chuo. Swali lake halikuhusu shamba. Alisema: "Wakili, nikijipatia kiwiliwili cha bunduki ambacho kiwanda kimekikereza nusu, kisha nikakimalizia mwenyewe karakanani kwangu kwa kujifurahisha tu, bila kumuuzia mtu wala kumdhuru mtu, nitakuwa nimefanya kosa gani? Chuma ni chuma."

Vijana wenzake walicheka. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango hakucheka. Alimtazama kijana kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hapa tumezika." Hakuongeza neno.

Tulimjibu kijana kwa ufupi siku ile, kwa kuwa jua lilikuwa linatua na barabara ilikuwa na matope. Lakini swali lile tumerudi nalo nyumbani, na tumeona kwamba si swali la fundi mmoja tu. Ni swali la utawala wa sheria, na linawahusu wote wanaopigania mageuzi katika nchi hii. Ndiyo maana tunalileta mbele yenu, ndugu wasomaji.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Bunduki ina mtutu, kitako, komeo na kifyatulio. Na katikati yake kuna kipande cha chuma kinachoviunganisha vyote hivyo. Hicho ndicho tunachokiita kiwiliwili. Sehemu nyingine zaweza kubadilishwa kama vile mtu abadilishavyo magurudumu ya baiskeli, lakini kiwiliwili ndicho kinachobeba utambulisho wa silaha. Huko Marekani sheria ya nchi hukihesabu kuwa ndiyo bunduki yenyewe, na juu yake ndipo mtengenezaji mwenye leseni anapotakiwa kupiga nambari. Wafanyabiashara wa huko wakagundua mwanya. Walianza kuuza viwiliwili visivyokamilika, wakidai kwamba kwa kuwa kazi haijaisha, basi hiyo si bunduki bali ni kipande cha chuma tu. Hakihitaji nambari, wala mnunuzi hahitaji kuchunguzwa. Mnunuzi alikimalizia nyumbani, akaviunganisha vipande vilivyobaki, na mwisho wa yote akawa na bunduki isiyojulikana na daftari lolote. Polisi wa huko wakaziita bunduki za mizimu, na jina likawakaa vizuri, kwa maana huua bila kuonyesha zilikotoka.

Isidhaniwe kwamba Wamarekani waliliacha jambo hili hivyo. Mwaka 2022 serikali yao ilitoa kanuni kwamba vifurushi vya vipande vya kuunda bunduki, pamoja na viwiliwili vinavyoweza kukamilishwa kwa urahisi, vihesabiwe kuwa bunduki: muuzaji awe na leseni, apige nambari, na amchunguze mnunuzi. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani. Machi 26, 2025, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliikubali kanuni hiyo kwa majaji saba dhidi ya wawili, na hukumu ikaandikwa na Jaji Neil Gorsuch, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kuwa adui wa bunduki. Hii ni nchi ambayo katiba yake, tangu mwaka 1791, inalinda haki ya raia kumiliki silaha. Ikiwa hata huko wameona kwamba kitu kisichokamilika chaweza kuwa bunduki, sisi ambao katiba yetu haina haki ya namna hiyo tutasema nini?

Sasa tuje kwa sheria yetu. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, ambayo mizizi yake iko katika miaka ya 1950 wakati wa ukoloni, haimruhusu mtu kununua, kupata wala kumiliki bunduki bila cheti. Na inapoeleza bunduki ni nini, haiishii kwenye silaha iliyo kamili. Inaingiza ndani yake pia vipande vinavyoiunda. Mwenye kukutwa na kiwiliwili bila cheti hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mtutu haujafungwa. Adhabu yake si faini ya kulipa na kurudi nyumbani. Ni miaka mingi gerezani, na kwa aina fulani za bunduki za kivita ni kifungo cha maisha. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Nairobi wa kudhibiti silaha ndogo, uliotiwa sahihi Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, unahesabu kuwa haramu utengenezaji wowote wa silaha usio na leseni au usioacha alama juu ya silaha inapotengenezwa. Neno "kujifurahisha" halimo katika orodha ya ruhusa.

Je, kiwiliwili kilichokerezwa nusu ni "kipande cha bunduki" kwa mujibu wa Sura ya 114? Sheria haisemi ni kiasi gani cha kukereza kinachogeuza chuma kuwa silaha. Wakili mjuzi angeweza kusimama mahakamani na kubishana siku nzima juu ya jambo hilo. Lakini mwendesha mashtaka naye angefungua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 388, kinachosema kwamba mtu aliyekusudia kutenda kosa, akaanza kulitekeleza kusudi lake kwa njia zinazofaa, amejaribu kutenda kosa hata kama hakulikamilisha. Kwa hiyo kijana wetu angekuwa amejenga utetezi wake juu ya ukuta mwembamba sana. Ushauri wetu kwake ni ule tuliompa siku ile: asiagize, asipokee, asianze. Mahakama si mahali pa kwenda kutafuta maana ya neno kwa gharama ya ujana wako.

Kama tungeishia hapo tungekuwa tumetoa jibu la kiwakili tu, na wasomaji wa kijarida hiki hawaridhiki kwa kutishwa na vifungu vya sheria. Sheria ngapi mbovu tumezipinga? Kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi hii kuwa ya chama kimoja tangu Juni 1982, kilikuwa sheria hadi kilipofutwa Desemba 1991. Basi hebu tuiweke hoja ya kijana katika nguvu zake zote, ndipo tuijibu.

Hoja yake ina uzito. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunasimuliwa jinsi Wafilisti walivyohakikisha kwamba hapana mhunzi katika nchi yote ya Israeli, ili Waebrania wasijitengenezee panga wala mikuki. Hata kunoa jembe iliwabidi waende kwa mabwana zao. Mwonevu siku zote humwogopa mhunzi. Na hapa kwetu, wapiganaji wa Jeshi la Ardhi na Uhuru, katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walikuwa na mafundi waliounda bunduki kwa vyuma vya kuokoteza. Serikali ya mkoloni ilijibu kwa kufanya kumiliki silaha kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi hakuhukumiwa kwa kosa la kuua. Alishtakiwa huko Nyeri, Novemba 1956, kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Mwenye kujua historia hii hawezi kusema kwamba kila sheria ya kumnyang'anya raia silaha imetungwa kwa nia njema.

Hilo tunalikiri. Lakini tunauliza: ni silaha gani iliyotuletea uhuru wa pili? Mwaka 1990 na 1991, wengi wetu tukiwa bado watoto wa shule, wazazi wetu na wachungaji wetu walisimama mikono mitupu mbele ya marungu na gesi ya machozi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyefariki katika ajali ya barabarani Agosti 14, 1990, alikuwa na mimbari tu. Wenye silaha katika miaka ile walikuwa ni wale waliotaka mageuzi yashindwe. Mapigano ya ardhi yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, na kuenea hadi Burnt Forest na kwingineko, hayakumjeruhi mwonevu. Yalimjeruhi jirani.

Na hapa ndipo neno la yule mzee lilipotuchoma. Januari 1, 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wakiwa akina mama na watoto. Siku zile hizo uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret ulijaa maelfu ya watu waliohifadhiwa na Askofu Cornelius Korir. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zile. Kati yao 405 walikufa kwa risasi, yaani zaidi ya theluthi moja, na tume ikaona kwamba sehemu kubwa ya risasi hizo ilitoka kwa polisi. Tujiulize kwa uaminifu: kama katika kila kijiji cha Turbo, Burnt Forest na Kiambaa kungekuwa na fundi aliyekwisha kukamilisha bunduki yake ya kujifurahisha, je, wiki ile angeendelea kuifungia kabatini? Jirani zake wangemwachia? Fundi anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Silaha yake ingemwendea yeyote aliyekuwa na hasira kumzidi.

Sugoi yenyewe inalijua jambo hili kuliko mahali pengi. Julai 29, 2017, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, nyumba ya aliyekuwa Naibu wa Rais, William Ruto, ilivamiwa. Kwa mujibu wa taarifa za siku ile, mvamizi alifika akiwa na panga, akamjeruhi askari wa ulinzi, kisha akajipatia bunduki palepale. Makabiliano yalichukua saa nyingi, na kabla hayajaisha askari mmoja alikuwa amekwisha kuuawa, na mvamizi pia. Ikiwa boma lililolindwa na askari waliofunzwa halikuweza kuizuia bunduki isibadilishe mikono, karakana yenye kufuli moja na mbwa mmoja itaizuia vipi?

Lakini hata hilo silo kiini cha hoja yetu. Kiini ni nambari.

Watu wengi huiona nambari iliyopigwa juu ya bunduki kuwa ni jambo la makarani. Sisi tuliokwisha kukaa katika mahakama za uchunguzi wa vifo tunaiona kwa jicho jingine. Mama anapoleta mwili wa mwanawe na daktari akatoa risasi, swali la kwanza ni hili: ni bunduki gani? La pili: ilikuwa mikononi mwa nani siku ile? Mtaalamu wa silaha hulinganisha risasi na mtutu. Lakini ili aupate mtutu wa kulinganisha, lazima pawe na nambari, na lazima pawe na daftari linaloonyesha nani aliichukua bunduki ile, saa ngapi, na risasi ngapi. Ukiondoa nambari na daftari, mama yule ataambiwa kwamba mwanawe aliuawa na mtu asiyejulikana. Bunduki isiyo na nambari haina wa kuijibia, na mamlaka yasiyo na wa kuyajibia ndiyo yale tuliyoyapinga tangu mwanzo.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kumdai fundi wa Sugoi nambari na kuiacha serikali ipite bila kuulizwa. Eldoret kuna kiwanda cha risasi. Kilijengwa katika miaka ya 1990, mitambo yake ikitoka Ubelgiji, bila wananchi kuelezwa. Habari zilipofichuka mwaka 1996, watetezi wa haki waliuliza risasi hizo ni za kumpiga nani na zitahesabiwa na nani. Serikali ilikihalalisha kama shirika mwaka 1997, lakini swali la pili lingali na maana hadi leo. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua Ruiru kiwanda cha bunduki chenye uwezo uliotangazwa wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Hatusemi nchi isijitengenezee silaha zake. Tunasema kwamba kila silaha inayotoka Ruiru, na kila sanduku la risasi linalotoka Eldoret, lifuatiwe na hesabu ambayo Bunge linaweza kuikagua na mahakama inaweza kuiitisha. Katika maandamano ya mwaka 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliokufa. Walioonekana wakifyatua risasi bila sare, au wakiwa wameficha nyuso zao, walitumia hila ileile ya bunduki ya mizimu: kuua bila kujulikana. Askari anayeficha jina na nambari yake amejigeuza mwenyewe kuwa silaha isiyo na alama.

Novemba 15, 2016, serikali iliteketeza huko Ngong bunduki 5,250 zilizokuwa zimekusanywa, na aliyewasha moto alikuwa ni mwana wa Sugoi huyohuyo, William Ruto, akiwa Naibu wa Rais. Lilikuwa jambo jema na tulilisifu. Lakini moto huteketeza zile zilizokwisha kupatikana. Silaha inayoundwa kimyakimya nyumbani haimo katika hesabu ya aliyezikusanya wala ya aliyezichoma.

Upo upande mwingine wa shilingi, na tungekuwa mawakili wabaya tusipoutaja. Sheria isiyosema wazi ni lini chuma kinakuwa bunduki inaweza kumwangukia asiye na hatia. Katika vibanda vya jua kali vya Eldoret kuna mabomba, springi na vyuma vilivyotobolewa vya kila namna. Afisa mwenye chuki, au mwenye kutaka kitu kidogo, anaweza kuokota kipande cha bomba na kusema hiki ni mtutu. Wazee wetu waliowahi kupandikiziwa vijikaratasi vya uchochezi katika nyumba zao wanajua jinsi ushahidi unavyoweza kuzaliwa usiku. Kwa hiyo tunalitaka Bunge liifanyie marekebisho Sura ya 114 ili iseme mambo mawili waziwazi. Kwanza, kwamba kipande kilichobuniwa mahususi kiwe kiwiliwili cha bunduki, na kinachoweza kukamilishwa kwa urahisi, ni bunduki mbele ya sheria, kiwe kimetoka kiwandani, kimekerezwa, au kimechapwa kwa mashine za siku hizi za plastiki. Pili, kwamba upande wa mashtaka lazima uthibitishe kuwa mshtakiwa alijua kipande kile ni cha nini, ili mchomeleaji wa mageti na mtengenezaji wa mabomba ya kunyunyizia maji wasilale rumande kwa sababu ya chuma cha kawaida.

Makanisa nayo yana kazi yao. Mkutano wa amani wa siku moja, wenye fulana na hotuba, hautoshi. Kamati za haki na amani ziwe mahali ambapo mtu mwenye silaha aliyoirithi, aliyoificha au aliyoianza, anaweza kufika kwa padre au mchungaji na wakili wakiwa pamoja, ili irudishwe kwa utaratibu unaolinda haki zake chini ya Kifungu cha 49 cha Katiba. Watu wengi hawarudishi silaha kwa sababu wanaogopa kwamba njia ya kwenda kituoni ni ya upande mmoja tu. Kanisa linaweza kuandamana nao, na serikali iahidi kwa maandishi kwamba anayerudisha kwa hiari hatashtakiwa.

Na kwako wewe, kijana wetu wa karakana: hatukukudharau, wala hatukukuona mhalifu. Tuliona fundi anayependa kazi yake na kutaka kujua mkono wake unaweza kufika wapi. Nabii Isaya alipoona siku za amani hakuwaona wahunzi wamefukuzwa kazi. Aliwaona wakiwa na kazi nyingi kuliko zamani, wakifua panga ziwe majembe. Wafilisti walikosea kumwondoa mhunzi, lakini wewe hujaondolewa. Huko kwenu kuna mashine za kupukuchulia mahindi zinazolala kila msimu wa mavuno kwa kukosa ekseli iliyokerezwa sawasawa.

Ulituambia kwamba chuma ni chuma. Hapana. Chuma kinapopewa umbo la kuua, kinahitaji jina la mtu atakayekijibia, na jina hilo lazima liandikwe mahali ambapo mama wa marehemu anaweza kulisoma. Sharti hilo linakubana wewe na karakana yako, linambana askari aliye barabarani, linakibana kiwanda cha Eldoret na wale wanaokiamuru. Tukikubali kwamba mmoja wao ana ruhusa ya kuwa na silaha isiyojulikana, hatutakuwa na kinywa cha kuwauliza wale wengine.

Chai ile hatukuinywa kwa raha, kwa kuwa maneno ya mzee yalikuwa yamekaa katikati yetu. Tunatumaini kwamba kijana alikwenda baadaye akaketi karibu naye, akamwuliza walizika nani.